Sauti Bila Neno: Utunzi wa KMRU na Suala la Maudhui katika Muziki wa Elektroniki

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika sehemu mbili, yaani fani na maudhui, na aghalabu maudhui ndiyo yanayoulizwa kwanza. Mwanafunzi wa shule ya upili anapokabidhiwa shairi au riwaya, swali la kwanza analotarajiwa kulijibu ni kwamba mtunzi anasema nini. Swali hili lina manufaa yake na halijapitwa na wakati. Hata hivyo, linachukulia kwamba kila kazi ya sanaa husema kwa maneno, na kwamba pasipo maneno hakuna dhamira ya kuchambuliwa. Ndiyo sababu muziki umekuwa ukiingizwa katika uhakiki huo kwa mlango wa nyimbo pekee. Maneno ya wimbo hunukuliwa na kufasiriwa, ilhali sauti yenyewe huachwa nje kama chombo kilichokwisha kazi yake.

Mtazamo huu unatiwa majaribuni na kazi za Joseph Kamaru, mtunzi wa muziki wa elektroniki aliyezaliwa Nairobi mwaka 1997 na anayejulikana kwa jina la kisanii la KMRU. Nyingi ya kazi zake hazina maneno, hazina ngoma ya kuchezwa, wala hazina kiitikio cha kushikwa na msikilizaji. Zimejengwa kwa mivumo mirefu ya sinthesaiza na kwa sauti zilizorekodiwa barabarani, vijijini na majumbani, kisha zikafanyiwa kazi kwa kompyuta. Je, kazi kama hizi zina maudhui? Na ikiwa zinayo, yanapatikana wapi?

Makala hii inashikilia kwamba maudhui ya kazi za KMRU yamo katika tendo la kusikiliza: nani anasikiliza, anasikiliza sauti ya nani, na sauti hiyo ilimfikiaje. Inashikilia vilevile kwamba kazi zake huwa na uzito mkubwa zaidi pale chimbuko la sauti linapokuwa jambo la kugombaniwa, na hupungukiwa pale chimbuko hilo linapofichwa hadi likasahaulika.

Mgogoro wa namna hii si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974, wapo walioshikilia kwamba tungo zisizo na vina na mizani haziwezi kuitwa mashairi. Mjadala huo ulikuwa mkali, lakini ulikuwa na faida: uliwalazimisha wahakiki kuuliza upya ushairi ni nini. Muziki usiokuwa na maneno unaweza kuufanyia uhakiki wa leo kazi kama hiyo.

Jina na Ukoo

Kwa desturi ya Wagikuyu, mjukuu hupewa jina la babu yake. Joseph Kamaru mjukuu alilipokea jina zito. Babu yake, aliyezaliwa Murang'a mwaka 1939 na kufariki Oktoba 2018, alikuwa mmoja wa waimbaji mashuhuri wa lugha ya Kigikuyu katika karne ya 20. Nyimbo zake zilijaa methali, mafumbo na kejeli, na zilikuwa sehemu ya mazungumzo ya umma. Katika miaka ya 1960 wimbo wake uliomkemea mwalimu anayemwandama mwanafunzi wake wa kike uliwaghadhabisha walimu. Baada ya kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki mnamo Machi 1975, Kamaru alitoa wimbo wa maombolezo ambao ulizuiliwa redioni. Katika miaka ya 1990 aligeukia nyimbo za dini. Katika vipindi vyote hivyo sifa yake kuu ilikuwa moja: alikuwa msanii wa neno. Aliyemsikiliza alitarajiwa kulielewa fumbo na kulifumbua, na watawala nao walimwogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Mjukuu amelitwaa jina hilo na kuliondolea irabu mbili. Katika lugha za Kibantu silabi hutegemea irabu, na jina lililoondolewa irabu zake halitamkiki kwa urahisi. Inavutia kuona kwamba mabadiliko hayo ya jina yanafanana na mabadiliko ya sanaa yenyewe. Babu alitumia gitaa kuyabeba maneno. Mjukuu ameyaondoa maneno na kubakisha kile kilichokuwa chini yake, yaani sauti ya mahali, ya chombo na ya pumzi.

Msomaji wa haraka anaweza kudhani kwamba mjukuu ameupa kisogo urithi wake. Dhana hiyo haiungwi mkono na maisha yake. KMRU ndiye aliyejitwika kazi ya kukusanya nyimbo za babu yake na kuzitoa upya ili ziwafikie wasikilizaji wa leo. Kwa hiyo yeye mwenyewe ni mtunza makavazi, na anajua kwa vitendo kwamba sauti isipotunzwa na wenyewe hupotea au hutunzwa na wengine. Jambo hili ni muhimu katika kuzielewa kazi zake za baadaye.

Kuhusu elimu yake, KMRU alisomea muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kisha akaenda Berlin, Ujerumani, kwa masomo ya uzamili katika sanaa ya sauti. Kuhama huku kutoka Nairobi hadi Berlin kumeacha alama katika utunzi wake, kama itakavyoonyeshwa.

Usuli wa Utanzu

Kabla ya kuzitazama kazi zenyewe, yafaa kuondoa dhana moja. Muziki wa elektroniki wa aina hii husemwa kuwa ni mali ya Ulaya, na kwa kawaida historia yake huanzishwa Paris mwaka 1948, Pierre Schaeffer alipotunga kwa kutumia sauti za garimoshi zilizorekodiwa. Lakini miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1944, Halim El-Dabh alikuwa amerekodi mjini Kairo sauti za wanawake katika sherehe ya zari, yaani ngoma ya kupunga pepo. Alitumia mashine iliyonasa sauti kwenye waya, kisha akazichuja na kuziongezea mwangwi hadi zikawa utungo mpya. Utungo huo ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za aina yake zinazojulikana duniani.

Ukweli huu hautajwi hapa kwa ajili ya fahari ya bara. Unatajwa kwa sababu unaonyesha swali lililoukabili utanzu huu tangu kuzaliwa kwake. Sauti za zari zilikuwa za watu waliokuwa katika shughuli yenye maana kwao. Mtunzi alizitoa mahali pake, akaziondolea maneno yasitambulike, akazifanya sanaa. Je, kilichobaki ni cha nani? KMRU amelirithi swali hili pamoja na mbinu zenyewe.

Peel: Kusikiliza Bila Kuongozwa

Albamu iliyomtambulisha KMRU kwa wasikilizaji wengi ni Peel, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Editions Mego. Jina lake linahusu ganda na tendo la kumenya. Ina vipande sita, na kile cha mwisho, kinachobeba jina la albamu, kinazidi dakika 20. Kipande cha kwanza kimepewa kichwa cha swali: kwa nini uko hapa. Baada ya swali hilo hakuna sauti ya mtu inayolijibu wala kulifafanua. Mivumo huanza taratibu, hupandiana, hufifia, na chini yake husikika vishindo na mikwaruzo ambayo msikilizaji hana hakika ilitoka wapi.

Mbinu kuu hapa ni ucheleweshaji. Katika hadithi simulizi, fanani huichelewesha habari ili hadhira iitamani. KMRU huchelewesha bila kuahidi habari yoyote. Msikilizaji anayengoja tukio hachukui muda kugundua kwamba halitafika, na hapo ndipo huanza kuyasikia mabadiliko madogo ambayo asingeyajali: namna mvumo mmoja unavyozidi kuwa mzito, au namna sauti ya mbali inavyosogea karibu. Kwa mintarafu hii albamu inafanya kazi ya kufundisha. Inamwondolea msikilizaji mazoea ya kuongozwa na neno, na kumwachia wajibu wa kuchagua cha kusikiliza. Msomaji wa Nagona ya Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1990, anayajua mashaka haya. Anayeitafuta hadithi ya kawaida katika riwaya hiyo hupotea, na upotevu huo ni sehemu ya maana.

Pamoja na sifa hizo, Peel ina udhaifu. Sauti zake zimefunikwa kiasi kwamba mahali zilikotoka hapatambuliki. Anayeisikiliza anaweza kuipenda kwa utulivu wake pekee, akaitumia kama kitu cha kusindikiza usingizi au kazi. Ganda limemenywa, lakini haijulikani tunda lilikuwa la mti gani. Kwa msanii aliyesifiwa kwa kuzisikiliza sauti za mazingira yake, hili si jambo dogo.

Dissolution Grip na Natur: Mahali Panarudi

Kazi mbili za baadaye zinaonyesha kwamba mtunzi mwenyewe aliliona tatizo hili. Ya kwanza ni Dissolution Grip ya mwaka 2023. Katika kazi hii KMRU hakuzitumia moja kwa moja sauti alizorekodi. Alizitazama zikiwa michoro ya mawimbi kwenye kompyuta, akaifanya michoro hiyo kuwa mwongozo wa kutungia sauti mpya kwa sinthesaiza. Yaani mahali hapasikiki tena, lakini umbo lake ndilo linaloamua utungo upande wapi na ushuke wapi. Mbinu hii inakaribiana na ile ya mshairi anayeibakisha bahari ya utenzi huku akibadilisha maneno yote. Kinachorithiwa ni kipimo. Ikiwa Peel ilipaficha mahali bila kusema, Dissolution Grip inapaficha waziwazi na kulifanya jambo hilo kuwa hoja.

Ya pili ni Natur, iliyotolewa mwaka 2024, utungo mmoja mrefu unaozidi dakika 50. Chimbuko lake ni tofauti iliyomgutusha mtunzi alipohamia Berlin. Usiku wa Nairobi una sauti: nyaya za umeme zinazopita juu, transfoma zinazovuma, majirani, mbwa na magari. Berlin ilimpokea kwa kimya. Umeme upo, lakini nyaya zimezikwa ardhini na mitambo imefichwa. KMRU alitumia vinasa maalumu vinavyogeuza mikondo ya umeme na sumaku kuwa sauti, na hivyo kukifanya kimya hicho kisikike kwamba si kimya.

Hapa maudhui hayahitaji neno ili yaeleweke. Kinachoitwa maendeleo mara nyingi hupimwa kwa kiasi cha kelele kilichoondolewa machoni na masikioni mwa wenye uwezo. Mtu wa mtaa ambao transfoma yake huunguruma usiku kucha anajua umeme unatoka wapi na unakatika lini. Mtu wa mji ambao nyaya zimezikwa anaweza kusahau kabisa. Natur inaisikilizisha tofauti hiyo bila kuihubiri, na ndiyo maana ina nguvu kuliko Peel. Mivumo ya kazi zote mbili inafanana kwa namna fulani, lakini katika Natur kila mvumo una deni kwa kitu halisi.

Temporary Stored: Sauti Zilizowekwa

Kazi inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni Temporary Stored, iliyotolewa mwaka 2022. Jina lake linaashiria kitu kilichowekwa kwa muda. Kazi hii imetokana na rekodi zilizomo katika makavazi ya sauti ya Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, yaliyoko Tervuren, karibu na Brussels, Ubelgiji.

Historia ya makumbusho hayo haiwezi kutenganishwa na kazi hii. Yalitokana na maonyesho ya mwaka 1897 yaliyoandaliwa kwa amri ya Mfalme Leopold wa Pili, wakati Kongo ilipokuwa milki yake binafsi. Kwa maonyesho hayo waliletwa Wakongo zaidi ya 260 watazamwe na umma, na 7 kati yao walifia huko na kuzikwa Tervuren. Jengo kuu lilifunguliwa mwaka 1910. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wasafiri na watumishi wa serikali ya kikoloni walirekodi nyimbo na ala katika Kongo, na baadaye Rwanda na Burundi, kwanza kwa silinda za nta na kisha kwa mashine mpya zaidi. Rekodi hizo zilirundikana Tervuren. Katika makavazi ya namna hii, aghalabu jina la aliyerekodi limeandikwa vizuri, ilhali jina la aliyeimba halipo.

KMRU amezichukua sauti za makavazi hayo na kuzitia ndani ya utunzi wake. Vipande vya sauti za watu na vya ala hutokeza katikati ya mivumo ya elektroniki na mikwaruzo, hukatika, hujirudia, hufunikwa. Msikilizaji anayeyajua mazoea ya Peel anatarajia kuzama katika utulivu, lakini utulivu haupatikani. Kila inapotokea sauti ya mwanadamu, swali lile la kwa nini uko hapa linarudi, na safari hii linaelekezwa kwa sauti yenyewe.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, mtunzi haziimarishi rekodi hizo ili zisikike safi. Mikwaruzo ya vyombo vya zamani inabaki, na inakuwa ushahidi kwamba kati ya mwimbaji na msikilizaji pana mashine, na nyuma ya mashine palikuwa na mtu mwenye mamlaka. Pili, haziwasilishi kama nyimbo kamili za kufurahiwa. Kwa kuzikata anakiri kwamba hana uwezo wa kuzirudisha katika ukamilifu wake, kwa kuwa shughuli zilizozizaa nyimbo hizo hazikurekodiwa pamoja nazo. Tatu, jina la kazi linakataa kuutambua umiliki. Kitu kilichowekwa kwa muda kina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukidai.

Katika miaka ya karibuni mjadala kuhusu kurudishwa kwa mali za Afrika umejikita katika vinyago, viti vya enzi na mifupa ya watu. Vitu hivyo vinaweza kufungwa sandukuni na kusafirishwa. Sauti ni tofauti. Nakala yake inaweza kutumwa kwa sekunde chache huku rekodi ya asili ikibaki ilipo, na taasisi ikadai kwamba imekwisha kuirudisha. Temporary Stored inalionyesha tatizo hili kwa sikio. Kupewa nakala si sawa na kurudishiwa haki ya kuamua nani asikilize, na kwa shughuli gani. Wimbo wa jando au wa mazishi una masharti yake, na masharti hayo hayamo ndani ya faili ya kompyuta.

Mhakiki anaweza kuuliza: je, KMRU mwenyewe ana haki gani juu ya sauti hizo? Yeye ni Mkenya wa Nairobi, na sauti nyingi ni za Kongo. Je, hajafanya alivyofanya mkusanyaji wa kikoloni, yaani kuchukua bila ruhusa ya mwimbaji? Pingamizi hili ni la haki, na halijibiwi kwa kutaja rangi ya ngozi. Jibu linalowezekana linatoka katika utunzi wenyewe. Mkusanyaji wa kikoloni alijiondoa katika rekodi ili ionekane kama elimu isiyo na mtu. KMRU hajifichi: kila mvumo unaozifunika sauti hizo unaonyesha mkono wake. Hata hivyo, kuonyesha mkono hakufuti deni, na kazi hii haijifanyi kwamba imelifuta. Inaliacha wazi, na uaminifu huo ni sehemu ya thamani yake.

Kasoro na Mipaka

Tathmini hii isingekuwa kamili bila kutaja mambo mawili yanayoweza kulaumiwa. La kwanza ni hadhira. Babu alisikilizwa katika matatu, sokoni na kwenye vilabu vya pombe, na waliomsikiliza walibishana naye. Mjukuu husikilizwa zaidi katika kumbi na majumba ya sanaa ya Ulaya, na na watu wenye vyombo bora vya kusikilizia. Sauti ya mtaa wa Nairobi inapofika huko bila maelezo, inaweza kugeuka pambo. Si kosa la mtunzi peke yake, kwa kuwa kumbi za kuusikilizia muziki kama huu ni chache Kenya, lakini matokeo ni kwamba wengi wa wale ambao mazingira yao yamerekodiwa hawajaisikia kazi iliyotokana nayo.

La pili ni lugha ya vichwa. Katika kazi isiyo na maneno, kichwa ndicho neno pekee analopewa msikilizaji, na kwa hiyo hubeba mzigo mkubwa. Vichwa vya kazi zilizojadiliwa hapa si vya Kigikuyu wala vya Kiswahili, na vingi ni vya Kiingereza. Linganisha na Nyokabi Kariũki, mtunzi mwingine wa Kenya, ambaye katika kazi yake ya mwaka 2022 kuhusu kumbukumbu za nyumbani amezichanganya sauti zilizorekodiwa mashambani na maneno ya Kiswahili na ya Kigikuyu. Kwake, msikilizaji wa nyumbani na yule wa mbali hawapokei kitu kimoja. Wa nyumbani amebakishiwa jambo ambalo mgeni hulikosa. Upendeleo huo mdogo haupo katika kazi nyingi za KMRU.

Hata hivyo, kuna dalili za mabadiliko. Katika Disconnect ya mwaka 2024, aliyoitunga pamoja na Kevin Richard Martin, inasikika sauti ya KMRU mwenyewe akitamka maneno. Haimbi kama babu yake. Anasema kwa sauti ya chini, na maneno yake yanamezwa na mwangwi. Lakini neno limerudi, na limerudi likiwa limepitia miaka ya usikivu.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba muziki usio na maneno unaweza kuwa na dhamira, na kwamba dhamira hiyo hutafutwa katika uhusiano wa sauti na chimbuko lake. Kwa kigezo hicho, Peel ni kazi yenye ustadi wa fani lakini iliyokatwa mizizi, Natur ni kazi iliyoupata mzizi wake katika tofauti ya miji miwili, na Temporary Stored ndiyo iliyofika mbali zaidi, kwa kuwa imelifanya suala la umiliki wa sauti kuwa kiini cha fani yenyewe.

Somo lililopo kwa uhakiki wa fasihi simulizi ni la moja kwa moja. Kwa miaka mingi nyimbo, methali na masimulizi yamekusanywa, yakaandikwa na kuchapishwa, na kilichochapishwa kikafanywa kuwa kazi nzima. Sauti ya fanani, pumzi yake, kelele za waliohudhuria, na mara nyingine hata jina lake, viliachwa. Kanda zilizorekodiwa katika kazi hiyo zilikuwa na haki ya kutunzwa kama miswada inavyotunzwa. Mjukuu wa Kamaru alilazimika kwenda hadi Tervuren kuzisikiliza sauti zilizowekwa na wageni. Kanda zilizorekodiwa na watafiti wa Kenya zinahitaji kusikilizwa upya zingali hai, na waliozijaza kwa sauti zao watajwe kwa majina.